Lita si kilo: hesabu iliyoiishia ndege mafuta angani

Chukua madumu mawili ya lita 20. Moja lijaze maji, la pili lijaze mafuta ya taa. Sasa yanyanyue. La maji lina kama kilo 20, la mafuta kama kilo 16. Ujazo ni uleule, uzito tofauti.

Lita inapima nafasi, kilo inapima uzito. Kinachoziunganisha ni densiti, yaani lita moja ya kitu ina kilo ngapi. Maji ni 1. Mafuta ya taa ni takriban 0.8, na mafuta ya ndege za jeti ni ndugu yao wa karibu.

Hapo ndipo yalipotokea ya Kanada, Julai 23, 1983. Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton na ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Mita za mafuta za ndani ya ndege zilikuwa mbovu, kwa hiyo matangi yakapimwa kwa fimbo maalumu. Fimbo inasoma sentimita, jedwali linazigeuza kuwa lita: zikapatikana lita 7,682. Mpaka hapo mambo safi.

Ikabaki kugeuza lita kuwa kilo. Wakatumia 1.77:

7,682 × 1.77 = 13,597
22,300 − 13,597 = 8,703
8,703 ÷ 1.77 = lita 4,917 za kuongeza

Umeona tatizo? Hesabu yenyewe haina kosa. Lakini 1.77 ni *pauni* kwa lita, si kilo. Kanada ilikuwa inahamia mfumo wa metriki, na ndege hiyo mpya ilipimwa mafuta kwa kilo wakati nyingine za shirika zilitumia pauni. Kilo moja ni kama pauni 2.2, kwa hiyo namba sahihi ilikuwa 0.803:

7,682 × 0.803 = kilo 6,169
22,300 − 6,169 = kilo 16,131
16,131 ÷ 0.803 = lita 20,088

Ziliongezwa lita 4,917 badala ya 20,088! Ndege ikaondoka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyotakiwa, huku kompyuta yake ikiwa imeambiwa kuna kilo 22,300.

Ikiwa futi 41,000 juu, yaani kama kilomita 12.5, taa za tahadhari zikaanza kuwaka. Baadaye injini zote mbili zikazima. Bahati nzuri, rubani Bob Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, na msaidizi wake Maurice Quintal aliwahi kutumikia kituo cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli. Wakaiteremsha hapo kwa kuelea tu. Watu wote 69 walitoka hai.

Tunajifunza nini? Namba isiyo na kipimo haijakamilika. Andika "1.77 pauni kwa lita" na utaona mwenyewe: lita mara pauni kwa lita, lita zinakatana, zinabaki pauni. Sasa utatoaje pauni kwenye kilo?

Mwalimu wako wa fizikia akikukata maksi kwa kusahau kuandika kipimo, usinune. Kuna watu 69 wanaomuelewa vizuri sana.