Nembo ya Kibanda Chako: AI au Fundi wa Kuchora?

Tuseme unauza ugali na ingokho pale Kakamega mjini. Wateja wanakula, wanalipa kwa simu, wanaenda. Wakiulizwa walikula wapi, wanajibu tu, "Kwa yule mama." Hapo ndipo unahitaji nembo, au logo kama wengi tunavyoiita.

Ukitumia AI
Unaandika unachotaka, kwa mfano "jogoo wa kienyeji, sahani ya ugali, rangi mbili, bila maandishi," na kwa dakika chache unapata picha kadhaa. Ni rahisi na ni haraka. Shida ni kwamba ugali unaweza kutoka kama keki, na herufi za jina lako zikatoka zimepinda au zimerukwa. Tena, jirani akiandika maneno kama yako, anaweza kupata picha inayofanana na yako.

Ukichora kwa mkono
Chora kwa penseli, hata kama si msanii. Kisha fundi aichore upya kwenye kompyuta kama vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa kutoka stika hadi bango bila kuharibika. Inachukua muda na utalipa, lakini fundi wa hapa anajua ingokho inakaaje kwenye sahani.

Ushauri wetu: changanya
AI ikupe wazo, fundi amalizie. Halafu ichapishe kwa upana wa sentimita 2, nyeusi na nyeupe. Kama jogoo haonekani kuwa jogoo, punguza mapambo.

Usisahau upande wa pesa
- Jina kwenye nembo lifanane na jina linalotokea mteja akilipa. Yakitofautiana, atadhani ni tapeli na kughairi.
- Usiiachie AI iandike nambari yako ya till. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zako zinaingia kwa mwingine. Kabla ya kuchapisha stika 100, mwambie rafiki alipe shilingi 10 akisoma nambari kwenye stika ya kwanza.
- Fundi akitaka malipo ya awali, hakikisha jina lake kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Salio limalizie ukishapokea faili ya vekta.

Biashara ikikua, sajili nembo yako KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara nchini. Usajili hudumu miaka 10, na unaweza kuuhuisha.

Nembo yako ionyeshe kila mtu. PIN yako, usimwonyeshe yeyote, hata fundi.