Mtoto katika mbio za skii: kwa nini kukimbilia medali humchelewesha

Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998. Akiwa na miaka mitatu alihamia Austria pamoja na mama yake, na huko baba yake wa kambo, aliyemiliki lifti ya kupandisha watu mlimani, akamfundisha kuteleza kwenye theluji. Februari 2018, mjini Pyeongchang, Korea Kusini, Sabrina alibeba bendera ya Kenya na kuwa Mkenya wa kwanza kushindana Olimpiki katika skii ya alpini, yaani ile ya kushuka mlima kwa kasi. Safari hiyo ilichukua takriban miaka 15. Wazazi wengi huuliza mtoto ataanza lini kushinda. La muhimu zaidi ni kujua kinachojengwa ndani ya miaka hiyo.

Kinachotangulia ni mizani ya mwili. Mtoto mdogo huanza kwa kukutanisha ncha za mbele za skii na kutanua za nyuma ili apunguze kasi. Akizoea, hujifunza kuziweka sambamba, kisha kuzilaza ubavu ili kingo zake za chuma ziume theluji na kuchora mkunjo. Hapo ndipo mtu anaposhinda au kushindwa mbio. Njia huwekewa milango ya nguzo, na kila mshindani lazima aipite yote. Anayeserereka kando kwenye kona hupoteza kasi. Anayechora mkunjo safi huenda nayo hadi mlango unaofuata.

Ujuzi huu huingia vizuri utotoni, kabla mwili haujaanza kurefuka ghafla. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nao walisema kweli. Lakini kumkunja huku ni kumfundisha, si kumpeleka mashindanoni kila mwisho wa wiki. Mbio za slalomu, ambazo milango yake iko karibu karibu, zina raundi mbili, kila moja takriban dakika moja au pungufu. Kwa hiyo mtoto anaweza kuamka alfajiri, asafiri, asubiri zamu yake kwenye baridi kali, halafu siku nzima ateleze kwa dakika mbili tu. Akianguka raundi ya kwanza, hata hizo hazipati. Siku ya mazoezi hushuka mara nyingi, na kila akifika chini kocha yupo kumrekebisha.

Mikaela Shiffrin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1995, ni ushahidi mzuri. Wazazi wake walitanguliza mazoezi kuliko wingi wa mashindano, na mama yake, Eileen, amewahi kuwa kocha wake kwa miaka mingi. Machi 2011 aliingia Kombe la Dunia la skii akiwa na miaka 15. Mwaka 2014 alitwaa dhahabu ya slalomu huko Sochi akiwa na miaka 18, na Februari 2025, huko Sestriere, Italia, akafikisha ushindi wa 100 wa Kombe la Dunia. Kipaji alikuwa nacho, ila kilikuwa na msingi wa kusimamia.

Jambo la pili ni ukuaji. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na kundi moja hujumuisha miaka miwili. Aliyezaliwa Januari ya mwaka wa kwanza anaweza kushindana na aliyezaliwa Desemba ya mwaka wa pili. Tofauti yao inakaribia miezi 24. Katika umri wa kubalehe, miezi hiyo ina maana ya urefu, nguvu na uzito, na uzito husaidia sana kwenye mteremko. Tafiti za Austria zimeonyesha kuwa waliozaliwa mapema ndani ya mwaka huchaguliwa zaidi kwenye timu za vijana. Kocha anayemwacha mtoto kwa sababu bado ni mdogo wa umbo huenda anatupa kipaji.

Vifaa navyo vinataka uangalifu. Tumezoea kumnunulia mtoto viatu vikubwa kidogo ili vimfae na mwakani. Buti la skii halikubali mtindo huo: mguu ukicheza ndani, skii haipokei amri kwa wakati. Umbo la skii pia lina kanuni zake. Skii ya watu wazima ya slalomu kubwa, ambayo milango yake iko mbali zaidi, huundwa kwa mkunjo wenye nusu kipenyo cha angalau mita 30. Kwa watoto kanuni huruhusu kuanzia mita 17. Kumpa mtoto skii ya mtu mzima ni kuyaweka magoti yake hatarini, na kukatika kano ya goti ndilo jeraha linalowaandama sana wanamichezo hawa.

Akifika takriban miaka 16, mtoto huingia kwenye mbio za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji, FIS, na kuanza kuhesabiwa pointi. Huku mwenye pointi chache ndiye bora. Pointi hizo pia huamua nani anatangulia kushuka. Wanaoshuka mwishoni hukuta njia imechimbika kwa skii za waliotangulia, kwa hiyo mgeni hulazimika kuwa imara kwenye theluji mbaya ili apate nafasi ya kushuka kwenye nzuri. Aliyezoea kushinda kwa umbo lake kubwa tu hukwama hapa.

Kwa wazazi wetu walioko Austria, Norway au Canada, ambao watoto wao wanaanza kuvaa skii shuleni, ushauri wangu ni huu: kabla ya kuchagua klabu, msiulize imeshinda vikombe vingapi vya watoto wa miaka kumi. Ulizeni mtoto atashuka mara ngapi kwa siku ya mazoezi, nani atamrekebisha, na ni wangapi kati ya watoto wa klabu hiyo bado wanateleza, magoti yakiwa mazima, wakiwa na miaka 18.