Je, Wajua? Sumu Iliyofunzwa Kuchagua

Je, wajua kwamba sumu ya botulini (ndiyo, ile ile ya kuondoa makunyanzi) ni mkasi wa protini? Kimeng'enya chake hukata protini fulani ndani ya neva, misuli ikalegea. Mwaka 2021, timu ya David Liu wa Chuo Kikuu cha Harvard ilitangaza kuwa imevibadilisha vimeng'enya vya aina hiyo vikate protini nyingine. Virusi vinavyoshambulia bakteria vilibebeshwa jeni ya kimeng'enya: vile ambavyo kimeng'enya chao kilikata protini mpya vilizaana, vilivyong'ang'ania ya zamani vikatoweka. Kimeng'enya kimojawapo sasa hukata PTEN, protini inayozuia neva kuota upya. Tena sumu hii hujipenyeza yenyewe ndani ya neva, jambo linalovishinda vimeng'enya vingi. Kwangu, hapo ndipo penye utamu.