Wanga na Sumu Ndani ya Muhogo

Ukipita katika vijiji vya Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, utaona mashamba ya mihogo karibu na migomba na maharage. Wakati wa kiangazi utaona pia vipande vyeupe vya mihogo vimeanikwa juani. Bila shaka wewe mwenyewe umekula ugali wa muhogo mara nyingi. Je, umewahi kujiuliza kwa nini mama au bibi huloweka mihogo michungu kwa siku kadhaa kabla ya kuianika? Kwa nini asiichemshe tu na kuipakua?

Katika somo hili tutatafuta jibu la swali hilo. Ili tulipate, yatupasa kwanza kufahamu miili ya viumbe hai imejengwa kwa vitu gani.

Seli za muhogo

Kila kiumbe hai, awe mtu, ng'ombe au mmea, amejengwa kwa sehemu ndogo sana ziitwazo seli. Seli ya muhogo haionekani kwa macho matupu. Huonekana kwa hadubini. Waweza kuifananisha na chumba chenye mtungi wa maji ndani yake. Kwa nje kuna ukuta wa seli ulio imara. Ndani yake kuna kiini, ambacho huongoza kazi za seli, na kifuko cha maji kiitwacho vakuoli. Ndani ya seli za mzizi zimo pia punje ndogo za wanga.

Elementi zinazojenga mwili

Vitu vyote duniani vimejengwa kwa elementi. Katika viumbe hai elementi zilizo nyingi ni nne: kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni. Haidrojeni ikiungana na oksijeni tunapata maji. Kaboni, haidrojeni na oksijeni zikiungana kwa mpangilio mwingine tunapata sukari na wanga. Protini huwa na elementi hizo tatu pamoja na naitrojeni, na nyingi huwa pia na salfa kidogo.

Majani ya muhogo hutwaa kabonidayoksaidi kutoka hewani, na mizizi hufyonza maji kutoka ardhini. Kwa nguvu ya mwanga wa jua, majani huviunganisha vitu hivyo viwili na kutengeneza sukari. Sukari hiyo husafirishwa hadi mizizini, na huko hugeuzwa kuwa wanga na kuwekwa akiba. Katika gramu 100 za muhogo mbichi, karibu gramu 60 ni maji na zaidi ya gramu 30 ni wanga. Protini ni kama gramu 1 tu.

Jaribio: Kutambua wanga

Vifaa: kipande cha muhogo, kisu, kisahani, na maji ya iodini.
Njia: Kata kipande chembamba cha muhogo, ukiweke katika kisahani, kisha ukidondoshee matone mawili ya iodini. Usionje kipande hicho.
Utaona nini? Iodini yenye rangi ya kahawia hugeuka kuwa ya buluu iliyokaribia weusi. Rangi hiyo huonyesha kwamba wanga upo.

Vimeng'enya

Sasa chukua kipande cha muhogo mtamu uliochemshwa vizuri, ukitafune kwa muda mrefu bila kumeza. Baada ya muda utahisi utamu kidogo. Mate yako yana kimeng'enya kinachovunja wanga na kuugeuza kuwa sukari. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kemia ndani ya mwili wa kiumbe hai. Kimeng'enya huhitaji maji ili kifanye kazi, na joto kali hukiharibu. Yakumbuke sana mambo hayo mawili, kwani ndiyo yatakayotupatia jibu la swali letu.

Sumu hutoka wapi?

Ndani ya vakuoli za seli za muhogo mmehifadhiwa kitu kiitwacho linamarini. Katika ukuta wa seli kimo kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Muhogo ukiwa mzima, vitu hivyo viwili havikutani. Lakini mnyama akiutafuna, seli hupasuka na vitu hivyo hukutana. Linamarasi huivunja linamarini, na mwishowe hutoka sumu kali iitwayo sianidi ya haidrojeni. Hiyo ndiyo njia ya mmea kujilinda, kwa kuwa hauwezi kukimbia.

Sianidi hiyo imejengwa kwa elementi tatu tu: haidrojeni, kaboni na naitrojeni. Elementi hizohizo zimo katika protini ya maharage unayokula! Basi elementi peke yake hazitoshi kutuambia kama kitu ni chakula au ni sumu. Jinsi zilivyoungana ndiko kunakoleta tofauti. Sianidi huzizuia seli zetu kutumia oksijeni, na seli isiyoweza kutumia oksijeni hufa.

Mihogo mitamu ina linamarini kidogo. Yaweza kumenywa, kuchemshwa na kuliwa. Mihogo michungu ina linamarini nyingi. Hata hivyo, wakulima wengi huipenda, kwa sababu wanyama waharibifu kama nguruwe mwitu na panya huisumbua kidogo. Ukipewa pingili za aina mpya ya muhogo, muulize aliyekupa kama ni mtamu au mchungu.

Kwa nini tunaloweka?

Mtu akichemsha muhogo mchungu ukiwa vipande vikubwa, joto huiharibu linamarasi kabla haijamaliza kazi yake. Linamarini nyingi hubaki ndani ya muhogo, na mtu akiula, sumu yaweza kutokea tumboni mwake. Akiukata na kuuanika mara moja kwenye jua kali, maji hukauka upesi na kimeng'enya husimama kabla ya wakati.

Lakini mihogo iliyomenywa ikikaa ndani ya maji kwa siku tatu au zaidi, bakteria huilainisha. Kuta za seli hulegea, linamarini hukutana na linamarasi, na sianidi huingia katika maji au hupotea hewani. Maji hayo yamwagwe mbali na chakula na mifugo. Baadaye mihogo huanikwa, hutwangwa na kuchekechwa. Katika sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa watu huivundika mihogo mpaka iote ukungu, kisha huikausha kuwa udaga. Njia hiyo nayo hulegeza seli na kupunguza sumu.

Kisamvu nacho hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa katika chungu kisichofunikwa. Kutwanga huvunja seli, na mvuke huichukua sianidi.

Siku zinapopunguzwa

Wakati wa ukame muhogo huongeza linamarini katika mizizi yake. Wakati huohuo njaa huwafanya watu wapunguze siku za kuloweka. Mambo hayo mawili yakikutana, hatari huwa kubwa. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, yalikutana. Wachunguzi walipata watu 39 waliopooza miguu kwa ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la lugha ya Kiyaka ya Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Huwapata zaidi watoto na wanawake. Hauna dawa ya kuuponya, lakini waweza kuzuiwa.

Mwili wako unao uwezo wa kuigeuza sianidi kidogo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, ambacho hutoka kwa mkojo. Kazi hiyo huhitaji salfa, na salfa hupatikana katika protini. Kwa hiyo ugali wa muhogo uliwe pamoja na maharage, dagaa, samaki, mayai au maziwa. Chakula hicho hujenga mwili na pia huulinda.

Kama unga wa muhogo una mashaka, uloweshwe kwa maji na kutandazwa katika tabaka jembamba lisilozidi sentimeta 1. Uachwe kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Maji huiamsha linamarasi iliyobaki, nayo humaliza kazi yake. Ugali upikwe siku hiyohiyo.

Sasa umelipata jibu. Bibi anayeloweka mihogo hangoji bure. Anavipa vimeng'enya muda wa kufanya kazi.

Mambo ya kukumbuka

1. Seli hujenga miili ya viumbe hai vyote.
2. Kimeng'enya huhitaji maji, na joto kali hukiharibu.
3. Muhogo mchungu usiliwe mbichi wala usichemshwe tu. Uloweshwe au uvundikwe kwanza.
4. Wakati wa njaa siku za kuloweka zisipunguzwe.

Maswali

1. Taja elementi nne zilizo nyingi katika viumbe hai.
2. Kwa nini muhogo mzima ulioko shambani haujidhuru kwa sumu yake?
3. Jirani yako asema, "Moto huua kila sumu." Mweleze kwa nini maneno hayo si kweli kwa muhogo mchungu.
4. Waulize wazee wa kijiji chako jinsi wanavyotayarisha mihogo michungu. Andika kila hatua, kisha eleza seli za muhogo hufanywa nini katika hatua hiyo.