Juu ya Neno "Kurithi" katika Habari za Magonjwa ya Mapafu

Makusudi ya makala hii ni kulitazama neno moja, "kurithi", jinsi litumikavyo katika habari za maradhi ya mapafu, na kuonyesha kwamba likitumiwa pasipo uangalifu laweza kumpotosha msomaji, hata kumdhuru mgonjwa.

Tuchukue mfano wa mtu wa Kwai, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, ambako baridi huwakusanya watu karibu na moto wa kuni. Akikohoa muda mrefu, jirani zake watasema ana "ugonjwa wa kifua". Jina hili hubeba mengi: kifua kikuu, pumu, madhara ya moshi. Hubeba pia ugonjwa usiojulikana sana, yaani sarkoidosi. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili hukusanya chembe zake mapafuni zikafanya vinundu vidogo, wala hapaonekani kijidudu kinachopigwa vita. Wataalamu wengine wameona dalili kwamba kinga hushambulia protini za mwili wenyewe, mojawapo ikiwa vimentini. Kwa kuwa katika picha ya eksirei waweza kufanana na kifua kikuu, mgonjwa aweza kupewa dawa za kifua kikuu miezi mingi asipate nafuu.

Je, ugonjwa huu hurithiwa? Mwaka 2001 uchunguzi uitwao ACCESS, uliofanywa Marekani, ulionyesha kwamba ndugu na wazazi wa wagonjwa wamo hatarini yapata mara tano kuliko watu wengine. Jeni zinazotajwa sana ni za kundi la HLA, hasa HLA-DRB1, zilizo katika kromosomu ya 6. Kazi yake ni kutengeneza protini ziionyeshazo kinga vipande vya vitu, ipate kupambanua cha mwili na cha kigeni. Mwaka 2005 ikaongezwa jeni BTNL2, iliyo jirani yake. Msomaji akisikia hayo husema, "Basi ni ugonjwa wa ukoo." Hapo ndipo neno linapomdanganya.

Vumbi la berili, madini mepesi yatumikayo viwandani, huleta ugonjwa unaofanana mno na sarkoidosi. Mwaka 1993 ilionekana kwamba karibu wagonjwa wote waliochunguzwa walikuwa na badiliko fulani katika jeni HLA-DPB1. Walakini mwenye badiliko hilo asiyevuta vumbi hapati ugonjwa huo, na wengi wenye nalo waliovuta vumbi hawakuugua.

Watu wa Kwai, walimao kabichi na viazi, wataelewa upesi. Mwana hurithi shamba, harithi kabichi. Kabichi yataka mbegu, mvua na jembe, na shamba jema laweza kukaa miaka bila mazao. Vivyo hivyo jeni ni shamba, ugonjwa ni mazao.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme kwamba mtu hurithi "wepesi wa kuugua", wala si ugonjwa. Tofauti hii si ya maneno matupu. Asemaye "ugonjwa wa ukoo" aweza kumzuilia binti posa, na kumfanya mgonjwa akate tamaa asiende hospitali. Asemaye "wepesi wa kuugua" humwambia ndugu wa mgonjwa ajiangalie, na akikohoa sana apimwe makohozi kwanza, kisha, kisipoonekana kifua kikuu, itafutwe sababu nyingine.