Je, Wajua? RAM mpya, Windows ya zamani

Unatoka dukani Makoroboi, Mwanza, na RAM mbili za GB 4, unafungua kompyuta yako kongwe, unazibana mpaka zilie "ta!", unawasha. Skrini inasoma GB 3.25. Usirudi kugombana na muuzaji, hajakuibia. Windows XP ya biti 32 iliyomo, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 8, 2014, haivuki anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani GB 4, na humo humo kadi ya picha na vifaa vingine hujichotea sehemu yao. Meli kongwe ya MV Victoria ilifungwa injini mpya ikarudi ziwani. Kompyuta ina masharti zaidi. Kama prosesa na mazabodi yako vinakubali, Linux ya biti 64 itaiona RAM yote, nayo ni ya bure.