Vifuniko vya Chupa za Maziwa

Mara ya kwanza kutazama Rangi ya Makomamanga nilidhani kompyuta imekwama. Kamera haisogei. Makomamanga yamelala juu ya kitambaa cheupe, maji yake mekundu yanatambaa polepole, na hakuna anayesema neno. Nikairudia usiku uleule.

Aliyeitengeneza ni Sergei Parajanov, Muarmenia aliyezaliwa Tbilisi, Georgia, mwaka 1924. Filamu hiyo ya 1969 inamhusu Sayat-Nova, mshairi wa karne ya 18. Mwigizaji wa kike, Sofiko Chiaureli, anacheza mshairi akiwa kijana, kisha yeye huyohuyo anakuwa mpenzi wa mshairi! Wakubwa wa Kisovieti hawakuipenda. Ilikatwa na kupangwa upya.

Desemba 1973 wakamkamata. Miongoni mwa mashtaka yalikuwemo mapenzi ya jinsia moja, yaliyokuwa jinai katika Muungano wa Kisovieti. Akahukumiwa miaka 5 katika kambi ya kazi ngumu. Huko hana kamera, hana filamu. Basi akachora, akabandika vipande vya karatasi na takataka nyingine, na vifuniko vya alumini vya chupa za maziwa akavichonga sura za watu kwa ukucha. Hapo ndipo namvulia kofia, kuliko hata kwenye filamu zenyewe.

Mwandishi Mfaransa Louis Aragon alimwombea kwa kiongozi wa Kisovieti, Brezhnev, naye akaachiwa mwishoni mwa 1977. Mwaka 1982 walimfunga tena.

Alifariki Yerevan mwaka 1990. Nyumba aliyoandaliwa jijini humo, ambamo hakuwahi kuishi, ni makumbusho yake tangu 1991.